Matone Kumi na Manne

Siku mwanangu Ekuba alipotolewa maabara kwa kosa la kulamba, niliitwa shuleni, nikaenda nimejifunga kitenge kibwebwe. Mimi nikiitwa na mtu, nami sijui naitiwa nini, najiandaa kwa vita kabisa.

"Kalamba nini?" nikauliza kabla sijakaa.

Mwalimu wake wa kemia, Madam Arhin, ni binti mwembamba mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Hakutishika hata kidogo.

"Mama Ekuba, niliwapa wanafunzi vichupa visivyo na jina. Kazi yao ilikuwa kupima kwa karatasi, waniambie kipi ni asidi na kipi ni alkali. Wenzake wanahangaika na karatasi, yeye kachovya kidole, kalamba, kaandika 'asidi', kakunja mikono."

"Na ilikuwa asidi?"

"Ilikuwa siki."

"Sasa si kapata! Mnamfukuza mtu kwa kupata?"

"Mama, kichupa cha pili kilikuwa na kitu kinachotoboa nguo. Angeanza na hicho, leo ningekuwa nimekuita kwa jambo jingine." Akaninyooshea ukutani, kwenye bango lililoandikwa kwa herufi kubwa: SHERIA YA KWANZA: MAABARA HATUONJI KITU. "Ni ya kwanza hiyo, Mama. Si ya pili, wala si ya kumi."

Nikaangua kicheko. Sikukusudia kumdharau, kilinitoka tu. Kumkataza mtoto wa Araba Otoo kuonja ni sawa na kumkataza bata kulowa.

Hapa Abrobekrom mpika dokono ni mimi, na chakula cha mchana cha shule hiyo hiyo kinatoka chunguni kwangu. Bibi yangu alipika, mama yangu akapika, nami napika. Wapo wanaodhani dokono ni unga wa mahindi na maji tu, unafunga kwenye majani makavu ya mgomba, unachemsha, basi. Thubutu! Dokono ni uchachu. Mahindi yanalowekwa, yanasagwa, donge linakaa siku tatu likichacha, na siku ya tatu lazima awepo mtu wa kusema limefika au bado. Likiwahishwa, dokono inatoka tamu tamu kama uji wa kitoto, na kesho yake imeota ukungu. Likicheleweshwa, mlaji anafumba jicho moja. Na anayesema limefika ni ulimi, hakuna mwingine. Bibi alikuwa na miiko yake: siku ya kuonja hagusi pilipili, hatafuni kokwa za kola, na asaa ndiyo kabisa, lile tunda dogo jekundu la porini linalovuruga ulimi. Lilikuwa haliingii jikoni kwetu hata mfukoni mwa mtoto. Ekuba alianza kuonja donge ana miaka sita. Kwa hiyo mtoto kulamba kichupa, mimi naona ni urithi.

"Wiki mbili haingii maabara," akasema Madam Arhin. "Na nampa kazi. Aniletee njia ya kutambua kitu kichachu na maji ya majivu bila ulimi, na bila karatasi zangu. Atumie vitu vya jikoni kwako."

"Vya jikoni kwangu? Basi atakuletea ulimi wangu, mwalimu."

Hakucheka. Nilikuja kugundua kwamba yule binti hachekagi upesi, anangoja ushahidi kwanza.

Siku ya tatu yake narudi kutoka mashine ya kusaga, beseni kichwani, nakuta sufuria yangu ya sobolo iko wazi. Sobolo nauza pembeni, ile juisi nyekundu ya maua ya rosela na tangawizi, wanafunzi wanaipenda mno. Nakuta Ekuba kaipanga vikombe saba juu ya benchi, na kimoja rangi yake ni kijani.

"We Ekuba! Umeifanya nini sobolo yangu? Hii rangi ya bwawa la vyura imetoka wapi?"

"Tulia, Mama. Tazama kwanza."

"Nitulie nini? Nani atainunua hiyo?"

"Nimetia maji ya majivu tu. Yale majivu ya maganda ya ndizi unayowapa watengeneza sabuni. Majivu ni alkali, na sobolo ikikutana na alkali inakuwa kijani. Haya, tazama sasa."

Akashika ndimu, akaikamua juu ya kile kikombe, tone moja moja. Tone la kwanza, la pili, hakuna kitu. La nne kijani kikaanza kufifia. La sita ikawa zambarau. La saba, kikombe kizima kikageuka chekundu, chekundu kile kile cha sobolo yangu. Moyo wangu uliruka, sisemi uongo. Lakini mama hapaswi kushangaa mbele ya mtoto aliyemharibia juisi.

"Haya, umeirudisha," nikasema.

"Sikuirudisha mimi, Mama. Ndimu ni asidi. Imepigana na majivu mpaka yakaisha nguvu. Asidi na alkali zikikutana zinamalizana, kinachobaki ni maji na chumvi, na vipovu kidogo."

"Chumvi ya kutia kwenye samaki?"

"Chumvi ya aina yake. Usiitie kwenye samaki, tafadhali."

"Na sobolo inapigana upande gani?"

"Haipigani. Inatazama tu, halafu inatangaza nani kashinda. Madam anaiita kiashiria." Macho yalikuwa yanamng'aa. "Na ukitaka kujua kipi kichachu zaidi, unahesabu matone. Kichachu sana, matone machache yanatosha. Kichachu kidogo, utadondosha mpaka mkono uchoke."

"Mimi sihesabu matone. Nina ulimi."

"Ulimi unaweza kudanganywa, Mama."

"Ulimi wa nani? Wa kwangu? Kaoshe vikombe huko, na ukimaliza unilipe sobolo yangu kwa kutwanga pilipili."

Akatwanga, lakini nilimsikia anahesabu matone peke yake.

Basi wakati huo alikuwepo hapa mjini mwanamke mwingine mpika dokono, Baaba Ghartey. Alihamia akitokea mji mkubwa wa Pwani, poda shingoni asubuhi mpaka jioni, sauti ya asali, dokono yake ndogo ndogo imefungwa kwa uzi kama zawadi ya harusi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naye alijitembeza mpaka ofisi ya Mwalimu Mkuu. Akamwambia, "Mkuu, sipendi kusema watu, lakini Araba siku hizi anawahisha donge. Anapika la siku moja ili apate muda wa kuuza sobolo. Watoto wa watu wanakula donge bichi."

Angekuwa mkuu mwingine, ningesema kahongwa. Lakini Bwana Essuman ni mwaminifu hadi anaudhi. Akiokota msumari uwanjani anautangaza mbele ya shule nzima: nimeokota msumari, mwenyewe ajitokeze. Mtu wa namna hiyo akiambiwa watoto wanakula donge bichi, hapati usingizi. Akaniandikia barua. Ijumaa asubuhi mimi na Baaba tulete dokono, kamati ya watu watatu ionje, na ambaye donge lake si la kuchacha, chungu chake kisikanyage tena pale shuleni.

Ekuba alinisomea barua ile mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Chungu cha shule kimekuwa cha nyumba yetu tangu shule ikiwa na kuta za udongo. Bibi alikibeba kichwani. Na mjini kwetu ukishanyang'anywa chungu cha shule hakuna atakayekununulia tena sokoni, watasema dokono yake ilikataliwa na watoto wenye njaa. Jina likishatoka hivyo, halirudi. Nililia, kisha nikakasirika kwamba nimelia, kisha nikaloweka mahindi.

Donge la Ijumaa ile nililiangalia kuliko nilivyomwangalia Ekuba alipokuwa mchanga. Siku tatu kamili. Nikaonja, nikasema, limefika. Nikapika, nikafunga, nikabeba.

Kamati ilikaa kwenye baraza ya ofisi: Mkuu, matroni na mhasibu. Ndiyo kwanza wamemaliza uji wao wa asubuhi, ule wa mahindi yaliyochacha, vikombe na visahani bado viko mezani. Wanafunzi wote wamejipanga uwanjani kwa gwaride la asubuhi, shingo zimerefuka. Baaba alikuwa ameshafika, poda mpya.

Mkuu akamega dokono yangu, akatafuna. Nyusi zikapanda.

"Tamu," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Tamu kweli," akasema matroni. "Kama imetiwa sukari!"

Mhasibu akamega mara ya pili, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hii tamu, Mkuu. Hata uchachu wa kubahatisha haumo."

Wakamega ya Baaba. "Hii angalau haina utamu wa donge bichi," akasema Mkuu. "Imetulia."

"Tamu?" nikasema. "Dokono yangu tamu? Mkuu, unaumwa?" Nikaimega mwenyewe, nikaitia mdomoni. Chachu! Chachu ile ile ya bibi yangu. Damu ikanipanda kichwani, nikasema neno ambalo sikupaswa kulisema. "Mmekula nini kwa huyu mwanamke?"

Mkuu akasimama polepole. "Mama Ekuba," akasema, "mimi sijawahi kula cha mtu."

Na ilikuwa kweli, na kila mtu alijua ni kweli, na hapo ndipo hofu iliponiingia. Kama hawakuhongwa, basi wanasema wanachokionja. Ndimi tatu zinasema tamu, wangu peke yake unasema chachu. Huenda wangu ndio umezeeka. Huenda Baaba yuko sahihi bila kujijua, na kwa muda wote huu nalisha watoto donge bichi huku najisifu. Sijawahi kuogopa namna ile, hata siku ya kujifungua.

Baaba akanigeukia na sauti yake ya asali. "Pole, dada yangu. Umri ni umri."

"Kwa hiyo," Mkuu akaanza, "kuanzia Jumatatu, chungu cha shule..."

"Mkuu, naomba usimalize hiyo sentensi!"

Alikuwa Ekuba. Katoka kwenye mstari, anatembea kuelekea barazani, na wanafunzi wakafanya "Eeeeh!" kama uwanja wa mpira.

"Wewe si ndiye uliyefukuzwa maabara?" Mkuu akauliza.

"Ndiye mimi. Nilifukuzwa kwa kuamini ulimi. Na nyinyi mnaamini ulimi sasa hivi. Sheria ya kwanza hamjaisoma?"

Jamani! Nilitaka ardhi ipasuke, na nilitaka kumkumbatia, vyote kwa pamoja.

"Ndimi tatu zimesema," akasema Mkuu.

"Lakini rangi haijaulizwa," akasema Madam Arhin. Alikuwa amekuja nyuma ya Ekuba na sinia la glasi, sobolo na maji ya majivu, kana kwamba alijua toka jana. "Mkuu, huyu mtoto amepata njia ya kupima uchachu kwa sobolo na majivu. Nimeijaribu mwenyewe. Haihitaji ulimi wa mtu. Tupe dakika ishirini."

Mkuu kabla hajawa mkuu alifundisha hesabu, na mtu wa hesabu ukimwahidi namba hawezi kukataa. Akatazama saa. "Ishirini. Si ishirini na moja."

Wakaleta mizani ya maabara. Madam Arhin akapima kipande cha dokono yangu na kipande cha Baaba, uzito mmoja. Kila kipande wakakiponda kwenye maji kipimo kimoja, wakachuja kwa kitambaa safi, yakabaki maji ya dokono kwenye vichupa viwili. Ekuba akamimina sobolo kwenye glasi tatu, akatia maji ya majivu sawa sawa, zote zikawa kijani. Akachukua kile kipira cha kudondoshea dawa ya macho.

"Glasi tatu za nini?" akauliza mhasibu. "Wapishi wawili."

"Ya kwanza ni ya maji matupu," akasema Ekuba. "Nisipoipima hiyo, mtu atasema hata maji yanageuza rangi."

Akadondosha maji, shule nzima ikihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, mpaka sitini. Glasi ikabaki kijani.

"Maji hayana neno," akasema Ekuba. "Sasa Mama."

Nikashika nguzo ya baraza. Nilisali kimoyomoyo, na sala yangu ilikuwa fupi: Mungu wangu, usiniaibishe mbele ya poda ile.

Moja. Mbili. Tatu. Kijani. Nne. Tano. Sita. Kijani tu. Saba. Nane. Nikasikia Baaba anacheka puani. Tisa. Kumi. Kijani kikaanza kuchafuka. Kumi na moja. Kumi na mbili, zambarau! Kumi na tatu.

"Kumi na nneee!"

Nyekundu. Nyekundu kabisa, kama kitenge kipya. Wanafunzi walipiga kelele mpaka kunguru wakaruka kwenye paa la bweni.

"Bado!" akasema Madam Arhin, mkono juu. "Namba moja haina maana bila ya mwenzake."

Ekuba akaosha kipira, akaanza na maji ya dokono ya Baaba. Kumi na nne ikapita, kijani. Ishirini ikapita, kijani. Kwenye thelathini wanafunzi walikuwa wanahesabu kwa kuimba, matroni kasahau cheo chake naye anaimba. Thelathini na sita ikachafuka. Arobaini. Arobaini na moja, ndiyo ikawa nyekundu.

"Mara tatu kasoro tone moja," Mkuu akanong'ona. Hesabu haimwachi mtu.

Baaba akaruka. "Uongo! Mtoto anampendelea mama yake! Matone ya mama yake kayafanya makubwa!"

Nilijiandaa kumjibu, nimeshaweka mkono kiunoni, lakini Madam Arhin akaniwahi. Akamkabidhi Baaba kipira. "Swali zuri sana, dada. Dondosha mwenyewe."

Basi Baaba Ghartey akadondosha mwenyewe, ulimi nje kwa kujitahidi, shule nzima inamhesabia. Dokono yangu: kumi na tano. Ya kwake: arobaini. Poda ilianza kuchuruzika na jasho.

Lakini Mkuu hakufurahi. Alikuwa amekaa, ameshika kichwa. "Rangi inasema ya Mama Ekuba ndiyo chachu," akasema. "Ulimi wangu unasema ni tamu. Mimi si mwongo. Nimeonja tamu. Sasa nani anadanganya hapa?"

Hapo hata Ekuba alikwama. Akamtazama Madam Arhin, Madam Arhin akavua miwani yake, akaifuta. Rangi ilikuwa imesema kweli, ila hawakujua kwa nini ndimi tatu nzima zimekosea pamoja, na mtu mwaminifu kama yule huwezi kumwacha na swali kama hilo, angelirudia mpaka Jumatatu.

Mimi nilikuwa natazama meza. Miaka yote hii nafuta meza za watu, jicho langu haliwezi kupita kisahani kichafu. Na kwenye kisahani cha Mkuu, pembeni ya kikombe cha uji, kulikuwa na kokwa tatu ndogo, na vipande vya ganda jekundu.

"Mkuu," nikasema, "hizi kokwa ni za nini?"

"Ah, hizo? Asaa. Daktari kanikataza sukari. Nina mti wangu nyuma ya nyumba. Nikitafuna moja kabla ya uji, uji mchachu unakuwa mtamu wenyewe, bila sukari. Na leo nimewakaribisha wenzangu, mtu huwezi kula peke yako mbele ya wageni."

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka kibwebwe kikafunguka. Madam Arhin akaziba mdomo kwa mkono. Ekuba akaruka juu mara mbili kama mtoto wa miaka sita.

Nikaingiza mkono kwenye kapu langu. Siku zote nina ndimu za kukamulia pilipili. Nikaikata moja nusu kwa kisu, nikampa Mkuu kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Mkuu, hebu nionjee na hii."

Akaitia mdomoni, akainyonya yote, macho wazi, uso umetulia. Akafuta midomo kwa leso.

"Chungwa zuri hili," akasema. "Umelitoa wapi?"

Shule ikaanguka. Sisemi ilicheka, nasema ilianguka, watoto walilala chini kwenye vumbi na sare zao. Matroni akanyang'anya ile nusu nyingine, akanyonya, akapiga ukelele, "Mungu wangu, tamu!" Mhasibu akajificha nyuma ya daftari lake.

"Mkuu, asaa haigusi chakula," Ekuba alisema akishika mbavu. "Inagusa ulimi. Inaukamata, na kila asidi inayopita, ulimi unaisikia kama sukari. Asidi iko pale pale, sobolo imeiona. Kwa hiyo kinachochacha zaidi ndicho kinakuwa kitamu zaidi. Dokono ya Mama mmeiona tamu kuliko zote kwa sababu ni chachu kuliko zote."

"Na ya Baaba haikuwa na utamu," akasema Mkuu polepole, "kwa sababu haikuwa na uchachu wa kugeuka."

"Umepata, Mkuu," akasema Madam Arhin. Akacheka! Meno yote. Ushahidi ulikuwa umefika.

Mkuu akasimama. Akashuka ngazi za baraza, akasimama mahali pale pale anaposimamaga siku ameokota msumari, akanyoosha koti.

"Leo nimeokota kosa," akasema kwa sauti ya uwanja mzima. "Mwenyewe ni mimi."

Kisha akanigeukia, akavua kofia. "Mama Araba, chungu cha shule ni chako. Nimekosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu."

Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, na nilikuwa na maneno ya mwaka mzima ya kumwambia. Yote yalinikauka. "Nami nilisema umekula cha mtu," nikasema. "Na mimi uniwie radhi." Halafu nikalia, na safari hii sikukasirika kwamba nimelia.

Baaba alikuwa anakusanya dokono zake kwenye beseni haraka haraka. Ningeweza kumwambia umri ni umri. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikamshikia beseni, nikamsaidia kuliinua kichwani, nikamwambia, "Dada Baaba, siku tatu. Mbili hazitoshi. Mahindi hayana haraka kama sisi." Alinitazama kama nimempiga kofi, kisha akaitikia kwa kichwa. Siku hizi analiacha donge siku tatu. Nimempima. Matone kumi na tisa.

Ekuba alirudishiwa maabara yake saa ile ile. Mimi narudi nyumbani na jina jipya, maana watoto hawana dogo, kabla sijafika langoni walikuwa wananiita Mama Kumi na Nne. Sokoni nao wakalidaka. Sikatai. Wangapi wana namba yao?

Lakini kabla sijaondoka ilikuwa lazima wanafunzi wapate chakula. Mchana nikapanga dokono, samaki wa kukaanga, pilipili, foleni mpaka kwenye mlango wa bweni. Mkuu alikuja wa mwisho, sahani mkononi, kama mwanafunzi. Saa nne nzima zilikuwa zimepita tangu uji wake.

"Fungua mdomo," nikamwambia.

Akafungua. Nikachungulia, shule inatazama. Hakuna ganda jekundu. Nikamwekea dokono moja kwenye sahani, akaifungua majani, akamega, akatafuna. Uso ukakunjamana kuanzia kidevu mpaka kipara.

"Chachu!" akapiga kelele. "Chachu, jamani, chachu!"

Nikamwongeza ya pili.